Kumwogesha Mzee wa Kasingirima

Mke wangu alifariki wakati wa masika, na wiki tano baada ya mazishi wanawake wa kanisa walikuja nyumbani kuomba mabeseni.

Walikuja watatu, Jumamosi asubuhi. Mimi ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, ambako boti za Kagunga na vijiji vingine vya mwambao hupakia abiria. Siku hiyo nilikuwa nimekaa barazani na kabureta mapajani, naisafisha kwa mswaki. Kazi yenyewe haikuwa na haraka. Nilikuwa nimeileta nyumbani ili niwe na kitu cha kushika.

Mama mwenyekiti wa kikundi cha huruma, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini anayeuza dagaa sokoni Mwanga, alikaa kwenye benchi. Akasema, "Baba, utusamehe. Tumekuja kuchukua vile vyombo."

Vyombo vyenyewe vilikuwa mabeseni makubwa, ndoo, sufuria la uji na mfuko wa sabuni ya gwanji, ile tunayoipika wenyewe Kigoma kwa mawese. Vilikuwa stoo kwangu kwa sababu mke wangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti kabla ya huyu. Kila Jumamosi, kwa miaka mingi, alitoka navyo kwenda hospitalini. Hospitali inatoa daktari, dawa na kitanda; kumlisha mgonjwa, kumwogesha na kumfulia ni kazi ya ndugu. Mgonjwa ambaye ndugu zake wako mbali, au wako ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyekuwa wa kikundi cha mke wangu.

Mimi sikuwahi kwenda. Nilimbebea vyombo hadi barabarani, akapanda bajaji, nikarudi ndani. Nilijua anakwenda kufua. Sikuuliza zaidi.

"Mtabebaje vyote hivi?" nikamuuliza mama mwenyekiti.

"Kichwani, Baba. Bajaji yetu leo imegoma."

Nilikuwa na toroli ninalobebea injini. Nikavipanga vyombo humo, nikalisukuma mlima wote mpaka hospitalini, akina mama wakinifuata nyuma na kuni za kupikia uji. Nilikusudia kushusha vitu na kuondoka.

Nyuma ya wodi kuna sakafu ya saruji yenye bomba, na hapo ndipo wanapofulia. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, kwa hiyo nikabaki kukinga ndoo, maana kumwachia mama wa miaka sitini kazi ya kuinua ndoo ningeona aibu. Nilikuwa kwenye ndoo ya nne au ya tano muuguzi alipotoka mlangoni. Alikuwa binti wa Kasulu, akatusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," halafu akaniona.

"Leo mna mwanamume?" akauliza.

"Amekuja na vyombo tu," akasema mama mwenyekiti.

"Kuna mzee wodi ya wanaume hajaoga, leo siku ya nne. Anakataa kuoshwa na sisi. Anasema hataki mwanamke amwone. Majirani zake wanamletea chakula kila siku, na vijana wa msikitini huja kumwona, lakini wakimuuliza kuhusu kuoga anawaambia ameshaogeshwa."

Wanawake wote walinitazama.

"Sista, mimi ni fundi wa injini," nikasema.

"Yeye kavunjika nyonga," akasema. "Njoo tu, nitakuonyesha."

Mzee alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mwembamba, mrefu, ana kofia ya kufuma kichwani hata akiwa amelala. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa na kufungwa kamba iliyopita mwisho wa kitanda ikaning'inia na uzito, ili mfupa usirudi kupandana. Muuguzi alikuwa ameniambia njiani: ni fundi cherehani wa kanzu kutoka Kasingirima, wazee wake walivuka kutoka Kongo, mke amefariki, mtoto aliyebaki ni mmoja naye yuko Kalemie. Aliteleza kwenye kizingiti cha mlango wake baada ya mvua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye daktari mpya?"

"Hapana. Nimekuja na watu wa kanisani."

Akageuzia uso dirishani. "Mimi ni Mwislamu."

"Najua, mzee. Sista ameniambia. Nimekuja kukuogesha."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilileta mabeseni."

Akanitazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Alitazama mikono yangu, ambayo kucha zake hazijawahi kutoka grisi tangu ujana.

"Umewahi kumwogesha mtu?"

"Hapana."

"Hata mtoto wako?"

"Hata mtoto."

"Basi Mungu atusaidie," akasema, na akaanza kufungua vifungo vya shati.

Muuguzi alituzungushia pazia, akanionyesha namna ya kumwinua bila kuusokota mguu, akaondoka. Mzee alijifunika shuka kutoka kitovuni hadi magotini na akaniambia sehemu hiyo ataiosha mwenyewe. Nilimpa kitambaa chenye sabuni nikatazama dirishani mpaka aliposema, "Tayari." Kifua, mikono na miguu vilikuwa vyangu. Beseni la kwanza lilitoka jeusi. La pili likatoka la kijivu. Nilipofika mgongoni nilijisahau nikasugua kama ninavyosugua silinda iliyoshika moshi.

"Polepole, bwana," akasema. "Hiyo ni ngozi."

Juu ya makalio niliona pamekuwa pekundu. Nikamwita muuguzi, akasema hicho ni kidonda cha kulala kinachotaka kuanza, na kwamba mzee ageuzwe kidogo mara kwa mara na kupakwa mafuta. Mama mmoja wa kikundi alikuwa na chupa ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, nikampaka. Nilipokuwa namkausha vidole vya miguu, kimoja kimoja, nikasikia anakoroma. Alikuwa amelala na kofia yake imeinama upande. Nilisimama pale na taulo mkononi, sijui kama niondoke au nisubiri. Nikasubiri.

Nilipotoka nje kuwasaidia akina mama kukamua mashuka, kuna jambo lilinijia ambalo sikulitegemea. Nilijua sasa jinsi mgongo wa mzee wa Kasingirima ulivyokuwa, na mahali palipotaka kuchubuka. Mgongo wa mke wangu katika miezi yake mitatu ya mwisho sikuujua. Binti yetu, ambaye ni mwalimu Kidahwe, aliomba ruhusa kazini akaja kumwogesha mama yake, akisaidiana na dada yangu. Mlango ulifungwa, mimi nikakaa kwenye ngazi za nje. Ndivyo ilivyo kwetu, na hakuna aliyenilaumu. Lakini siku ile pale bombani nilijilaumu mwenyewe. Mama mwenyekiti aliyaona macho yangu, akanipa ncha ya pili ya shuka tukamue.

Sikungoja Jumamosi nyingine. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda Kibirizi, nilipitia wodini. Mzee akasema, "Umerudi?" kama mtu aliyekuwa na shaka, na akaanza kujivuta ili nipate nafasi ya kuweka beseni. Tangu hapo nikawa naenda siku moja, napumzika siku moja.

Nilijifunza mambo yake. Uji aliupenda mwepesi. Mguu mzima ndio uliomuuma kuliko uliovunjika, kwa sababu ndio uliokuwa ukimsukuma kitandani. Nikimaliza kumwogesha aliomba kopo la maji ya kutawadha, nami nilimmiminia mikononi, mara tatu, halafu usoni, halafu mikono hadi viwikoni, kwa mpangilio wake. Siku ya kwanza nilikosea nikaanza na miguu, akanirudisha mwanzo bila kukasirika. Kitanda kilikuwa kimeelekea ukutani, wala hakikuweza kugeuzwa kwa sababu ya ile kamba na uzito.

"Na kibla je?" nikamuuliza.

"Mungu anaona nilivyofungwa," akasema. Akasali kwa kichwa na vidole, mimi nikasimama mlangoni mpaka akamaliza.

Wiki ya tatu akaniuliza habari za mke wangu. Sijui nani alimwambia. Wodini maneno hayakai. Nilikuwa namkata kucha. Nikamweleza ugonjwa ulivyoanza, hospitali tulizokwenda, na mwisho wake. Halafu nikajikuta namweleza na lile la ngazi.

"Binti yangu alikuwa ndani anamwogesha," nikasema. "Mimi nilikuwa nje. Kila siku nilikuwa nje."

"Nje wapi?"

"Kwenye ngazi. Karibu na mlango."

"Yeye alijua kwamba uko hapo?"

Nikafikiri. "Alijua. Nilikuwa na kikohozi mwaka ule. Alikuwa ananisikia, anamwambia mtoto anipelekee maji ya moto."

"Basi alijua," akasema mzee, akanipa mkono wa pili.

Nikaendelea na kucha. Siwezi kusema nilipona siku hiyo. Nililala vizuri, hilo nalikumbuka.

Kanisani mambo hayakuwa laini sana. Baada ya ibada moja, kwenye kikao cha wazee wa kanisa na vikundi, mzee mmoja wa kanisa alisimama. Ni mtu mwema, aliyewahi kunisaidia kuchimba msingi wa nyumba yangu, kwa hiyo sikumchukia. Alisema amesikia kwamba sabuni, unga na nguvu za kikundi sasa zinaishia kwa watu wasio wa imani yetu, na wakati huo huo kuna mjane wa kanisa letu wenyewe Mwanga ambaye paa lake linavuja.

"Tukianza na wa nyumbani kwanza, kuna ubaya gani?" akauliza.

Watu wakanong'ona. Mchungaji akamtazama mama mwenyekiti.

"Huyo mjane paa lake tunalijua," akasema mama mwenyekiti, akiwa amekaa. "Mabati yapo, mafundi hamjatupa. Mkiwatoa leo, kesho limezibwa. Lakini mzee wangu, pale hospitalini unataka tufanyeje? Nikifika kitandani nimuulize mtu dini yake kabla sijachukua shuka? Na akinijibu vibaya nimrudishie likiwa chafu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema tufanyeje."

Mchungaji alituomba tufanye yote mawili, na mafundi wawili wakajitolea papo hapo kwa ajili ya paa. Yule mzee wa kanisa hakukubaliana nasi, na mpaka leo hajakubali. Mke wake alikuwa kwenye kikundi kabla ya kikao, na aliendelea kuja kila Jumamosi na mwiko wake wa uji.

Mguu ulipofunguliwa, daktari alisema mzee anaweza kwenda nyumbani, lakini asichuchumae, asiteleze, asilale siku nzima. Nilikwenda Kasingirima kuona nyumba yenyewe. Alikuwa na chumba kimoja katika nyumba ya mama mmoja mjane, cherehani dirishani, kitanda, mkeka na rundo la vitambaa vyeupe vilivyokuwa vimeanza kuingia vumbi. Choo kilikuwa uani, cha kuchuchumaa. Kizingiti kilichomwangusha kilikuwa kirefu na kimelika katikati kama kipande cha sabuni.

Mabomba ya paa la boti moja kuukuu yalikuwa gereji kwangu. Nikayakata, nikayachomelea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, na fremu ya kutembelea yenye miguu minne niliyoivisha vipande vya tairi chini. Kizingiti tulikivunja siku moja, mwashi mmoja wa kanisani na wawili wa msikiti wa jirani, tukakisawazisha kwa saruji na kuweka mteremko. Imamu alikuja akasimamia, halafu akaona usimamizi wake unatuchelewesha, akavua kanzu akabaki na fulana, akachukua koleo. Akina mama walifagia, wakafua pazia, wakaosha vyombo. Mmoja wao, mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili, mdogo kuliko wote, alitundika kalenda ukutani ili mzee aone siku zake za kliniki. Ilikuwa kalenda ya kanisa letu, yenye picha ya jengo na aya ya Biblia kila mwezi. Niliiona. Sikuifikiria.

Kwa hiyo sasa nilikuwa nakwenda Kasingirima badala ya hospitalini. Majirani walimpikia kwa zamu, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, mimi nikabaki na kazi yangu ya kuogesha. Tulifanyia uani, yeye kwenye kiti cha plastiki, kanga mbili zimetundikwa kwenye kamba kutuzunguka. Baada ya kuoga alitembea na fremu mpaka mlango wa uani na kurudi, akinitukana kwa upole kila nilipomwambia aongeze hatua.

Habari kwa mtoto wake zilikuwa zimekwenda zamani. Namba ya simu aliyokuwa nayo mzee haikuwa inapatikana, kwa hiyo nilikuwa nimewaambia mabaharia wa boti za Kalemie, kila aliyekuja kwangu na injini: kuna mfanyabiashara wa vitambaa huko, baba yake kavunjika, mwambieni. Boti ya nne au ya tano ndiyo iliyomfikia.

Alikuja mchana. Nilikuwa ndani ya zile kanga, mikono ya shati nimeikunja, nammwagia mzee maji kichwani. Nikasikia mlango wa mbele, sauti ya mama mwenye nyumba ikimkaribisha mtu kwa furaha, kisha kimya. Kisha sauti ya mwanamume, kutoka chumbani.

"Nani amembatiza baba yangu?"

Nikatoka na kopo mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, begi bado liko begani, ananyooshea kidole kalenda. Nyuma yake mama mwenye nyumba alikuwa ameshika mdomo.

"Wewe ndiye nani?" akaniuliza.

"Ni fundi," nikasema. "Namwogesha mzee."

"Fundi wa nini? Nani amekupa ruhusa ya kumwingiza baba yangu kwenye dini yenu akiwa mgonjwa, hajiwezi? Mnawawinda watu vitandani?"

Kwa macho yake, aliyoyaona yalitosha. Mtu wa kanisa, maji, baba yake, na picha ya kanisa ukutani juu ya cherehani ya kanzu. Kabla sijasema lolote sauti ilitoka nyuma ya kanga.

"Wamenikosha tu! Hakuna aliyebatizwa hapa! Niletee taulo, baridi itaniua huku mnagombana!"

Mwanawe akashusha kidole. Akaweka begi chini. Nikampa taulo, yeye akalipokea, akasogea hadi kwenye kanga, hapo akakwama. Akanirudishia.

"Ni baba yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Siwezi kumwona."

Nilimwelewa kuliko alivyojua. Nikaingia mimi, nikamkausha mzee, nikamvisha, nikamtoa na fremu yake. Walisalimiana. Mtoto alipiga magoti kwenye ile saruji mpya, akashika mkono wa baba yake, na wote wawili walilia bila kujificha. Nikaenda kumwaga maji.

Kabla sijaondoka aliishusha ile kalenda. Hakuichana. Aliikunja vizuri akaniletea.

"Fundi, sitaki ugomvi. Mmemtunza baba, nimeona. Lakini hii nenda nayo."

"Una haki," nikamwambia. Nilimaanisha.

Niliipeleka kwa mama mwenyekiti na kumweleza yote. Akamwita yule mwalimu wa shule ya Jumapili. Binti aliitazama kalenda, akasema, "Niliiweka kwa ajili ya tarehe." Akaanza kuukunja na kuukunjua upindo wa kitenge chake. "Na kidogo nilitumaini," akasema.

"Asante kwa kusema kweli," akasema mama mwenyekiti. "Kesho utakwenda kumwomba radhi mzee na mwanawe. Nitakusindikiza."

Walikwenda. Mzee aliwaambia kwamba zile aya alikuwa amezisoma zote, za miezi yote, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kusoma akiwa amelala, na hazikumdhuru. Lakini akamwambia binti, bila ukali, kwamba chumba hiki ni chake hata kama hawezi kusimama, na kitu cha ukutani mtu huombwa kwanza. Binti aliniambia hayo mwenyewe, na kwamba alilia njia nzima kutoka Kasingirima. Jumamosi iliyofuata alikuwa bombani kama kawaida.

Mtoto wa mzee alibaki. Alisema amekuja kwa wiki mbili, zikawa miezi. Asubuhi ya tatu nilipofika alinisubiri uani.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha shuka: kutoka kitovuni hadi magotini, haliondolewi hata mara moja. "Sehemu hii anaosha mwenyewe, wewe unatazama kule kwenye mpapai. Hutaona kitu ambacho hutakiwi kuona." Nikamwonyesha namna ya kuweka mkono chini ya kwapa, si kuvuta mkono. Nikamwonyesha pale palipotaka kuwa kidonda, palipokuwa sasa pamerudi rangi yake. Alianza kwa kumgusagusa tu. Mzee akamwambia, "Sugua, sugua, mimi si yai." Siku ya tano alifanya yote mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda nje ya kanga nikinywa chai ya mama mwenye nyumba.

Siku ya sita sikuwa na sababu ya kwenda. Nilifika Kibirizi mapema mno, hakuna boti iliyokuwa imefika, nikakaa juu ya tangi tupu la mafuta nikitazama watu wanavyoanika dagaa. Niliwakumbuka wote wawili, mke wangu na mzee, na sikuona aibu kuwaweka pamoja.

Nilianza kwenda kumtembelea tu, kama mgeni. Tulikunywa chai. Alipoweza kukaa saa mbili bila maumivu alirudi kwenye cherehani. Siku moja akaniambia nisimame, nigeuke, nikae. Hakutumia futi, alinipima kwa macho tu. Wiki iliyofuata alinipa shati jeupe la mikono mirefu, lenye tarizi nyembamba kifuani kama ya kanzu, mkono wa kushoto umezidi wa kulia kidogo, kwa sababu, alisema, sikutulia. Ijumaa ya kwanza alipokwenda msikitini kwa fremu yake nilikuwa njiani natoka Ujiji na pikipiki, nikampita. Alikuwa na mwanawe upande mmoja na imamu upande wa pili, hataki kushikwa. Nilipiga honi. Aliinua mkono, fremu ikayumba, wote wawili wakamrukia.

Shati nililivaa kanisani. Yule mzee wa kanisa aliyepinga alinijia baada ya ibada, akashika ukosi, akageuza kuutazama ushonaji kwa ndani.

"Nani kakushonea?"

"Mzee wa Kasingirima."

Akatazama tena. "Anajua kazi," akasema, akaondoka.

Kiangazi kilipofika mtoto alimshawishi baba yake wavuke wote kwenda Kalemie, walau kwa mwaka mmoja. Injini ya boti waliyopanda niliikagua mwenyewe, plagi mpya, kila kitu, na mwenye boti hakuelewa kwa nini nimekataa malipo. Mzee alikaa katikati, juu ya gunia la chumvi, fremu imefungwa kwa kamba mbele yake. Hatukuagana kwa maneno mengi. Alisema, "Fundi, oa." Nikasema nitafikiri. Sijafikiri mpaka leo, na yeye huniuliza kila anapopiga simu, akipaza sauti kama anayeniita kutoka ng'ambo bila simu.

Kikundi cha huruma sasa kina wanaume wanne. Mmoja ni kinyozi, na huyo ndiye wanayemgombea wodini. Kwa wiki hizi tunaye mvuvi wa Kagunga aliyeungua mikono yote miwili petroli ilipolipuka ndani ya boti. Hawezi kushika kijiko. Familia yake ilikuja mara moja, na safari ya boti si ya kila siku kwa watu wenye watoto wadogo. Si msemaji. Jana nilimlisha bakuli zima hakufungua mdomo ila kwa uji, na mwishoni kabisa, nilipokuwa nampangusa kidevu, akaniomba kama inawezekana kesho tuutie ndimu.